Watoto kambini kikohozi hakiishi, shida nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Mdogo wangu anajitolea kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, anasema watoto wa wakimbizi wa Kongo wanapewa dawa za kikohozi, wakirudi walipo kinaanza upya. Tatizo nini? (Msomaji, Uyole, Mbeya)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mi naangalia kwanza wanapolala. Viwango vya Sphere vya misaada vinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 ndani, sasa familia ya watu saba wakibanana kwenye kachumba kamoja ka turubai, pumzi zao zinagusa turubai la baridi, alfajiri maji yanadondokea godoro, ukungu unaota, na mmoja akiwa na TB wote wako hatarini. Mvua ikinyesha mama anapikia kuni humohumo, mtoto yuko mgongoni anavuta moshi wote, inauma sana kwa kweli. Wafungue mlango mchana, waanike godoro, jiko likae kibandani nje, na anayekohoa wiki mbili akapimwe makohozi. Na nyie huko Uyole, baridi ya Juni na Julai msilale na jiko la mkaa ndani jamani, hewa yake haina harufu na inaua.