Bia Zimejaa Madukani, Ya Nini Mtu Ajipikie?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mume wangu alianza kupika bia nyumbani nikajua ni kitu cha mwezi mmoja kitapita, sasa unaingia mwaka wa pili. Jumamosi nzima yuko jikoni na sufuria kubwa, stoo kuna ndoo tumekatazwa kuzisogeza, na juzi usiku nimeamka namkuta kachuchumaa anaimulika ndoo na tochi. Sio mlevi, tena siku hizi anakunywa kidogo kuliko zamani, ndo maana nashindwa kuelewa. Bia za kila aina zinauzwa, yeye anatafuta nini humo? – Mama wa Stoo

JIBU: Dada yangu, ngoja nianze na hiyo tochi maana mi mwenyewe nimeishika. Ukishachemsha, ukapoza mpaka digrii kama 20 hivi, ukamwaga hamira na kufunika, hakuna kinachotokea. Saa tano, saa nane, kimya. Unaanza kuwaza labda hamira ilikufa, labda uliimwaga kukiwa bado na moto, af kesho yake kile kimrija chenye maji pale juu ya mfuniko kinatoa povu moja, blup, unakaa unasubiri, blup nyingine, na ukimulika unaona povu zito la rangi ya krimu limepanda pembeni mwa ndoo. Kuna kitu hai kimeamka mle ndani na wewe ndo umekiamsha. Nilikuwa mtu mzima kabisa siku hiyo na nilifurahi kama mtoto, hata sioni aibu kusema.

Na watu walifanya hivi miaka elfu na elfu bila kujua ni nini kinafanya kazi. Sheria ya bia ya Bavaria, huko Ujerumani, ya 1516 ilitaja maji, shayiri na hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) basi, hamira haimo. Ni baadaye sana, kuanzia 1857, ndo mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai wadogo.

Sasa kuhusu kuanza, kila mtu ana sababu yake na nyingi ni ndogo tu. Mwingine anataka kuokoa hela, mwingine alikunywa bia fulani safarini hakuipata tena, mwingine kapewa vifaa zawadi. Hizo sababu huwa hazimalizi mwaka, hasa ile ya hela, maana aliyeanza kwa kubana matumizi ndo huyo huyo baadaye utamkuta anatafuta sufuria kubwa zaidi. Kinachomshika mtu asiache, kwa nionavyo mimi, ni kwamba bia inakujibu.

Nakupa mfano. Kimea, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, unakisaga na kukiloweka kwenye maji ya moto kama saa moja, humo vimeng'enya vinageuza wanga kuwa sukari. Ukishikilia digrii 65 sukari nyingi inatoka ile ndogo ndogo ambayo hamira inaila karibu yote, bia inakuwa nyepesi, kavu mdomoni. Ukishikilia 69, kimea kile kile, hopsi zile zile, hamira ile ile, inabaki sukari kubwa ambayo hamira haiiwezi na bia inakuja nzito imeshiba. Digrii nne tu hizo! Mtu akishaonja hiyo tofauti kwa ulimi wake hawezi kutulia, lazima ajiulize na hopsi je, maana ukizichemsha saa nzima unapata uchungu, ukizitia dakika tano za mwisho unapata harufu, basi nikichanganya itakuwaje. Na jibu halitoki leo, ni wiki moja mbili kwenye ndoo, halafu wiki mbili nyingine kwenye chupa mpaka gesi ikamate. Kwa hiyo kwa mwaka anapata maswali kumi, kumi na mbili labda. Ndo maana Jumamosi yake ni nzito vile, na naamini ana daftari mahali, mwombe akuonyeshe.

Halafu kuna kugawa. Lita 20 ni chupa 40 za nusu lita, hazinyweki na mtu mmoja, kwa hiyo anampa rafiki glasi af anamwangalia usoni kabla hajasema neno, na ile sekunde ndo malipo ya mwezi mzima. Wapo waliofika mbali, Ken Grossman wa Marekani alianza kwa kupika nyumbani na mwaka 1980 akawa anapika bia ya kuuza kwenye kiwanda chake, Sierra Nevada, ila wengi hawataki kuuza hata chupa, wanataka hiyo sekunde tu.

Ungeniambia anakunywa kuliko zamani ningekujibu kitu kingine kabisa. Ila huyu wako anaonja, sio kulewa. Ndoo usizisogeze kweli, machicha yametulia chini yakitibuka yanaingia kwenye chupa. Na Jumamosi ijayo nenda jikoni muulize leo umeshikilia digrii ngapi, uone.

SWALI: Kaka, mi nimepika mara tatu na mara mbili bia imenuka dawa ya hospitali, kama plasta ya kidonda. Kila kitu naosha. Naona bora niache. – Mkata Tamaa

JIBU: Usiache mdogo wangu, sio mkono wako mbaya, mi naanza kushuku maji. Klorini ya bombani ikikutana na vitu vilivyomo kwenye kimea inaleta harufu hiyo hiyo, na inatosha kidogo sana. Mi nilimwaga lita 20 nzima chooni kwa ajili hiyo, iliniuma. Klorini ya kawaida inatoka ukichemsha, ila sehemu nyingine wanatia kloramini nayo haitoki kirahisi, kwa hiyo chukua kidonge cha metabisulfaiti, robo yake inatosha lita 20, saga, koroga kwenye maji kabla hujaanza, dakika chache imekwisha. Na kama unaoshea jiki, acha, tafuta dawa ya vyombo vya bia isiyo na klorini. Ukirekebisha yote mawili na bado inanuka basi kuna hamira pori imejificha kwenye mpira wa kuhamishia bia au mikwaruzo ya ndoo, hapo huoshi tena, unanunua vipya. Upike na maji hayo, uhesabu wiki nne, af niandikie imenukaje.