Je, Asha ni Aisha lililoharibika?

SWALI: Shikamoo, Bibi. Mimi na mume wangu tunatarajia mtoto wa kwanza, na daktari ametueleza kuwa ni msichana. Ningependa kumpa jina la marehemu bibi yangu mzaa mama, Asha, ambaye ndiye aliyenilea. Wifi yangu anasema hilo ni jina la kizamani, tena ni Aisha lililoharibika, hivyo tukilipenda sana basi tuandike Aisha. Rafiki yangu naye amesoma kwenye intaneti kwamba Asha ni jina la Kihindi lenye maana ya matumaini. Nimsikilize nani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu akujalie ujifungue salama.

Nianze na rafiki yako, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Ni kweli kwamba wako wanawake wa India wanaoitwa Asha, akiwemo mwimbaji mashuhuri Asha Bhosle, na jina lao limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya matumaini. Hata hivyo, hayo ni majina mawili yaliyokutana kwa sauti tu. Asha wa pwani yetu ametoka kwa Aisha wa Kiarabu, na hapo wifi yako amesema kweli.

Aisha maana yake ni mwanamke aliye hai, anayeishi. Mzizi wake ndio uleule uliotupatia kitenzi kuishi na neno maisha, kwa hiyo kila tunapoulizana habari za maisha tunaligusa jina la bibi yako bila kujua. Halina uhusiano na kwisha, ambalo ni neno la Kibantu, wala na sala ya isha, ambayo mzizi wake ni mwingine. Nimelitaja hili kwa sababu nimewahi kusikia wazee wakilikwepa jina hili kwa hofu kwamba linaashiria mwisho, ilhali maana yake ni kinyume kabisa.

Lililolieneza jina hili duniani ni heshima ya Bibi Aisha, binti wa Abubakar na mke wa Mtume Muhammad, aliyefariki Madina mwaka 678. Alikuwa mwanachuoni ambaye masahaba walimwendea kumuuliza masuala ya dini, na hadithi zilizopokewa kutoka kwake huhesabiwa kuwa 2,210. Kila taifa lililolipokea jina lake limelitamka kwa ulimi wake: Waturuki husema Ayşe, Wahausa husema A'ishatu, na huko Senegal na Guinea utawakuta akina Aïssatou. Sijaona sababu ya Waswahili peke yetu kuambiwa kwamba tumeliharibu.

Tazama tulivyolitendea. Katika Kiswahili, a na i zikikutana mara nyingi huungana zikawa e, kama ilivyo katika meno na wengi, na ndiyo maana ziko familia zenye Esha na Eshe. Wengine waliiacha ile i ikadondoka, likabaki Asha. Kwa maoni yangu, mkazo ndio uliowaongoza: Mwarabu huukaza mwanzo wa jina, nasi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo jina la silabi mbili liliwawezesha kuulinda mkazo wa asili bila kuvunja kanuni ya lugha yao. Kisha wakaongeza heshima yao wenyewe wakapata Mwanaisha na Mwanaasha, ambamo mwana si mtoto bali ni bibi mwenye hadhi, kama tunavyosema Mwana Kupona, yule mshairi wa Pate aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858.

Kuhusu ukale, sikubaliani na wifi yako. Jina hili lilifika hadi Umoja wa Mataifa kupitia Asha-Rose Migiro, Mtanzania aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu kuanzia mwaka 2007 hadi 2012, na hakulazimika kulirefusha ili lisikike. Ni jina jepesi, ambalo mtoto hulitamka mapema na mzee hulisikia kwa mbali.

Ushauri wangu ni kwamba mwandike Asha, kwa sababu unayetaka kumkumbuka aliitwa Asha, naye Aisha angekuwa mtu mwingine masikioni mwako. Ila mkishaamua, andikeni hivyohivyo kila mahali, tangu cheti cha kuzaliwa hadi kadi ya kliniki na fomu ya shule, kwani nimewaona watu wazima wakihangaika kula viapo vya majina wakati wa kuomba pasipoti, eti kwa sababu cheti kinasema Aisha na shule inasema Asha. Mweleze wifi yako hayo kwa upole kabla ya siku ya akika, maana naye ni shangazi wa mtoto na atapenda kushirikishwa.

Tena usishangae mama yako akishindwa kumwita mjukuu wake Asha. Huyo atakuwa wajina wa mzazi wake, na huenda tangu siku ya kwanza ya kumpakata akamwita Mama.