Maswali na majibu: Kidizeli cha mtumba usikinunue kikiwa moto

Barua za wiki hii karibu zote ni za vidizeli, vile vigari vidogo vya mlango wa nyuma vinavyoshushwa bandarini Mombasa na kupandishwa huku Malindi. Wanaouliza "ni nzuri?" bila kusema gari la mwaka gani na litafanya kazi gani nimewaacha. Hao tushazungumza nao mara nyingi.

Nimepata Mazda Demio ya dizeli ya 2015, bei imeshuka sana. Ninunue? (Maweni)

Bei haishuki bure. Itafute sababu kwanza, halafu uniandikie.

Mimi ni mwalimu, shule iko mwendo wa dakika kumi tu kutoka nyumbani. Mume wangu ang'ang'ania dizeli kwa kuwa haili mafuta. Wasemaje? (Barani)

Mumeo amehesabu mafuta akasahau chujio. Dizeli za siku hizi zina DPF, chujio linalokamata masizi yasitoke na moshi. Likijaa hujichoma lenyewe kwa joto la nyuzi 600 hivi, na joto hilo halipatikani ila gari likipata mwendo wa kutulia barabara kuu, dakika kumi na tano au ishirini bila kusimama. Wewe utatoka nyumbani, upenye katikati ya tuktuk na bodaboda, ufike shuleni injini ndiyo kwanza inashika moto, uizime. Jioni yale yale. Haipiti muda taa ya DPF inawaka, na fundi anakwambia "tulitoboe tu, mwalimu, yaishe."

Nunua ya petroli. Dizeli ni ya mtu wa safari, anayekwenda Kilifi au Mombasa kila wiki. Anayezunguka kati ya Casuarina na sokoni akiitaka dizeli, akiba yote ya mafuta itaishia kwenye chujio jipya, tena asishangae.

Nikienda kuliangalia gari nianze na nini? (Muyeye)

Anza na simu. Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na asiliwashe. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto na jua halijapanda, kuna kitu amekificha. Mwambie utarudi kesho. Dizeli mgonjwa hujifichua inapowashwa ikiwa baridi: inasumbua kuwaka, inatetemeka, inafuka. Na hapa pwani kuna mtego mwingine, kwani joto letu huficha plagi za kupasha injini zilizokufa. Gari likiwaka mara moja Malindi usishangilie. Fundi azipime plagi moja moja.

Likishawaka, simama nyuma. Moshi mweusi ukikanyaga mafuta maana yake injini inakosa hewa au inamwagiwa dizeli kupita kiasi. Wa buluu, inakula oili. Mweupe usiokatika hata injini ikishika moto, shuku nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini, au maji ya rejeta yanayoingia ndani. Zima, ngoja bomba la ekzosi lipoe, kisha ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe upanguse ndani. DPF ikiwa nzima, bomba huwa safi hata unashangaa. Kitambaa kikitoka kama umefuta sufuria ya kuni, chujio limepasuka au wameshalitoboa.

Halafu liendeshe. Si kuzunguka mtaani: vuka daraja la Sabaki uelekee Mambrui, tia gia ya tatu, kanyaga. Turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, ivute bila kusita na bila kupiga mluzi. Dalali akikwambia "tuzunguke hapa hapa tu", mrudishie ufunguo wake.

Oili imepita alama ya juu ya kijiti cha kuipimia. Muuzaji asema ndiyo dalili ya gari lililotunzwa. (Gede)

Amekuona mgeni. Oili haizaani. Ikipanda yenyewe, imeingiwa na dizeli: chujio linapotaka kujichoma, mafuta ya ziada hupulizwa kwenye silinda, na safari zikiwa fupi kazi inakatika njiani, mafuta yale yanateremka chini kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi na turbo ndiyo inayolia. Mazda wameweka kabisa alama ya X kwenye kijiti cha injini zao za dizeli za Skyactiv-D, juu ya alama ya F, ile ya kujaa. Oili ikifika hapo ni kubadilishwa. Vuta kijiti, nusa. Kikinuka dizeli, muulize mwenye gari alikuwa akienda wapi nalo.

Mita inasoma kilomita 62,000. Niamini? (Watamu)

Amini kanyagio la breki. Raba yake ikiwa imelika hadi chuma, mita imerudishwa nyuma. Gari likiwa limeingia juzi, dai karatasi ya mnada wa Japani na ulinganishe namba ya chesisi.

Gari lilikuwa la muuza samaki Ngomeni, amelipiga rangi upya, lang'aa. (Mambrui)

Rangi iache. Fungua mlango wa nyuma, inua zulia, toa tairi la akiba, utie mkono pale chini. Maboksi ya barafu huvuja, na maji ya samaki yana chumvi. Pale ndipo yanapotuama. Ukikuta kutu inayobanduka kwa ukucha, piga magoti uangalie pia sehemu za kuwekea jeki na bomba za breki. Bomba ya breki iliyoliwa na chumvi haikupi notisi.

Mwenye gari asema logibuku, hati ya umiliki, ataniletea baadaye. (Kakuyuni)

Na wewe mwambie pesa utamletea baadaye.

Tafuta namba ya gari kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uone jina la mwenyewe na kama benki inalishikilia kwa mkopo. Mikopo ya dhamana ya gari imejaa, kwa hiyo angalia pia rejista ya dhamana iliyoanzishwa na sheria ya 2017. Na sheria ya trafiki inakupa siku 14 tu za kuliendesha kabla ya kuliandikisha kwa jina lako. Hiyo "baadaye" yake haimo humo.

Nakaa Amu, gari nitaliacha Mokowe, nilitumie nikija Malindi mara mbili kwa mwezi. Dizeli itanifaa? (Lamu)

Kaka, wewe ndiye niliyekuwa nikimtafuta. Mokowe hadi hapa ni zaidi ya kilomita 200, chujio litajichoma likapumua. Ila gari linalolala wiki mbili kando ya bahari liache na tangi lililojaa, maana tangi tupu hutoa jasho ndani na maji huingia kwenye mafuta. Kwenye filta ya dizeli kuna mahali pa kutolea maji. Fundi akuonyeshe kabla hujalipa. Betri nayo ipimwe.

Nikichanganya na mafuta ya taa kidogo kupunguza gharama? (Hakuandika atokako)

La. Pampu ya dizeli za leo husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa sana, na hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu, yataila pampu na nozeli zote nne. Mchezo huu ndio uliofanya serikali iongeze tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018. Ndiyo maana ukienda kununua, dai risiti za fundi aliyelihudumia gari. Nozeli zilizobadilishwa juzijuzi zitakwambia mwenye gari alikuwa akimimina nini.