Barafu niliyoitema

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, wiki ijayo naingia wodini kupandikizwa seli shina. Kila mtu ananiambia habari za nywele. Wewe ulisema kilichokutesa ni mdomo. Nifanyeje?" Nikaanza kumjibu kwa mistari mitatu tu, nikajikuta nalia. Miaka miwili imepita, kumbe bado. Basi namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Nilikuwa na mayeloma, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho. Madaktari walizivuna seli shina zangu mwenyewe, zile zinazotengeneza damu, wakazigandisha, kisha nikapewa melfalani, dawa ya kemo, kwa kipimo kikubwa, miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Kabla dripu haijaanza, muuguzi aliniletea kikombe cha vipande vya barafu. "Mumunya," akasema, akaenda zake. Hakunieleza kwa nini. Nilidhani ni kiburudisho. Baada ya dakika kumi hivi meno yakaanza kuuma, nikaitema.

Hilo linaniuma hadi leo. Baridi hubana mishipa midogo ya damu mdomoni, dawa ikapita kwa uchache. Melfalani haikai muda mrefu kwenye damu, ndiyo maana ukiibana mishipa kwa muda huo mfupi unauokoa mdomo. Sentensi mbili tu! Ningeambiwa hizo sentensi mbili, ningeing'ang'ania barafu ile hata meno yote yaume.

Siku za mwanzo sikuona kitu, nikajisifu kwa simu kwa ndugu zangu. Kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka, na utando wa mdomo ni wa aina hiyo, lakini madhara huchukua siku kadhaa kujitokeza. Siku ya tano baada ya kurudishiwa seli, mashavu kwa ndani yalianza kuwaka. Siku ya nane ulimi ulikuwa umevimba hadi umebeba alama za meno, utando unabanduka, mate mazito kama gundi na siwezi kuyameza. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha vidonda hivi, kuanzia 0 hadi 4. Mimi niliandikiwa 4. Maana yake hakuna kinachopita mdomoni. Nililishwa kwa mshipa.

Na bado sikuomba mofini, dawa kali ya maumivu. Niliona aibu, nikataka waseme mama huyu jasiri. Siku mbili nzima nilijitesa bure. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Sema mapema, sema kila siku, andika kwenye karatasi kama huwezi kuongea. Maumivu yakishakomaa ni kazi kuyatuliza.

Ninachojivunia ni kusukutua. Maji, chumvi kidogo na bikaboneti ya soda, kila baada ya saa chache, hata nilipokuwa nalia. Sukutua ndugu yangu, sukutua. Chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zikiwa chini, kila kidonda ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu. Dawa za kusukutua zenye kileo ziache kabisa, zinachoma. Mswaki uwe laini mno, maana chembe sahani, zile zinazogandisha damu, nazo zimeshuka na fizi hutoka damu kwa kuguswa tu. Ukiona utandu mweupe, onyesha siku hiyohiyo, huenda ni fangasi. Na meno mabovu yashughulikiwe kabla hujalazwa.

Chembe nyeupe zilianza kupanda siku ya 12. Siku mbili baadaye nikameza maji, nikamwita muuguzi aje aone. Ladha ilichelewa zaidi, kama miezi mitatu, na kila chakula kilikuwa kama karatasi.

Lakini narudi kwenye barafu, na nitairudia hata mnichoke. Uliza unapewa dawa gani. Kama ni melfalani, barafu iwe mdomoni kabla dripu haijafunguliwa, iwemo muda wote, iendelee baada ya dripu kwa muda watakaokuelekeza. Ikiyeyuka, weka nyingine. Kwa dawa zinazokaa saa nyingi mwilini haisaidii namna hiyo, kwa hiyo waulize wao. Wasipokuambia, uliza. Wakikujibu kwa haraka, uliza tena.

Na wewe uliyeniandikia, siku ya dawa omba mtu akae kando ya kitanda, kazi yake iwe kukubadilishia kikombe tu. Mimi nilikuwa peke yangu.