Nimebakiza miaka miwili: nijiandaeje kuomba udaktari?

Swali: Shikamoo daktari. Nimebakiza miaka miwili kumaliza sekondari na nataka kusomea udaktari. Wenzangu wananicheka kwamba nina papara, eti fomu hujazwa matokeo yakishatoka. Je, kuna la kufanya sasa zaidi ya kusoma?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Lipo, tena usicheleweshe. Uingereza, kwa mfano, maombi ya udaktari hufungwa katikati ya Oktoba, ilhali kozi nyingi husubiri hadi Januari. Fomu yenyewe utaijaza jioni moja. Cha kuandika humo ndicho kinachochukua muda.

Mimi nilinyimwa nafasi mara ya kwanza. Nilimfuata mwalimu wangu wa kemia zikiwa zimebaki siku nne, akaniandikia barua ya kunipendekeza chuoni, ya mistari mitano, ambayo ingemfaa mwanafunzi yeyote. Simlaumu, hakunijua. Kwa hiyo wewe chagua walimu wawili tangu sasa, waulize maswali, wakuone ukikosea na ukirekebisha. Wakati ukifika, wape mwezi mzima wa kuandika.

Mwaka ule niliokaa nyumbani nilijitolea mahali wanapotunzwa wazee, nikawa na daftari. Kila nikirudi niliandika nilichokiona, bila jina la mgonjwa hata mmoja. Siri zao si zetu. Siku moja mzee alikataa kufungwa kidonda cha mguu, akalipiga teke beseni, maji yakamwagika. Muuguzi hakumgombeza. Alivuta kigoda, akakaa, akamwuliza mguu ulianza lini kuuma, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha mzee akaunyoosha mwenyewe.

Kwenye usaili niliulizwa kwa nini nataka kazi hii, nikawasimulia habari za kigoda kile. Bila daftari ningesema napenda kusaidia watu, na hilo kila mwombaji analisema.

Masomo ya sayansi unayajua, sikurudishi huko. Ila chanjo ya homa ya ini aina ya B wengi huisahau. Vyuo vingi hudai uthibitisho kabla hujagusa mgonjwa, na kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Mwulize mama kama ulichanjwa utotoni. Kadi ikipatikana, ibandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako.