Kuhusu Luger ya marehemu babu yenye 1917

Dada, pole na msiba. Umeuliza kama Luger hiyo, bastola ya Kijerumani yenye mhuri wa 1917, kweli ilitekwa kwa ofisa wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwangu mwaka huo ndio unaoikwamisha hadithi. Bastola za jeshi la Ujerumani zilipigwa mhuri wa mwaka wa kutengenezwa juu ya chemba (sehemu risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), na Waingereza walikuwa wamefunga bahari. Meli ya mwisho kuwafikishia Wajerumani hao silaha, Marie, ilitia nanga Sudi, pwani ya kusini ya Tanzania ya leo, Machi 1916. Ndege ya puto L 59 iliyotumwa kuwapelekea vifaa Novemba 1917 iligeuzwa ikiwa juu ya Sudan. Sasa bastola ya 1917 ingefikaje? Naona yamkini zaidi ililetwa na mmoja wa wanajeshi Waingereza waliopewa mashamba Kenya kuanzia 1919, akaitoa vitani Ufaransa. Hiyo nayo ni historia, usiidharau.

Uhalisi wake tazama kwenye nambari. Ile nzima iliyo kwenye fremu irudiwe kwenye mtutu, na tarakimu mbili za mwisho zionekane kwenye vipande vidogo. Zikitofautiana, imeunganishwa kwa vipande vya bastola tofauti. Herufi zenye kingo zilizofifia huonyesha chuma kilipigwa msasa kikapakwa rangi upya. Tafadhali usikisafishe!

Ila leseni ilikuwa ya babu, si yako. Kabla ya picha nyingine yoyote, wapigieni polisi mwaulize namna ya kuikabidhi. Msiibebe kwenye matatu kuileta Nairobi.