Barua za Wasomaji: Maana Huingia Lini Katika Sanamu?

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu sanamu zinazosimama hadharani mjini Kampala, na humo tukadai kwamba sanamu iliyochongwa vyema haihitaji kibao cha maelezo. Baadhi ya wasomaji wametupinga, wengine wameuliza zaidi. Tunajibu barua tatu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, salaam. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Mbale na ninasoma somo la sanaa. Mwalimu wetu akituonyesha picha ya Mnara wa Uhuru hutuambia kwamba yule mtoto ni Uganda, na kwamba vile vitambaa ni ukoloni. Je, mchongaji aliyatia hayo yeye mwenyewe, au ni sisi tunaoyabandika baadaye? – Msomaji, Mbale

JIBU: Mwanangu, salaam zako zimefika. Chukua noti ya Uganda, yoyote kati ya zile zilizoanza kutolewa mwaka 2010, uitazame picha ndogo ya mnara huo huku ukiyaweka kando kwa muda uliyoambiwa darasani. Utaona mtu mzima aliyezungushiwa vitambaa mwilini, amemwinua mtoto juu ya kichwa chake, na mtoto naye ameinua mikono. Sanamu yenyewe haikubeba bendera, wala ramani, wala silaha. Hata hivyo jicho la mtazamaji huanzia chini penye mafungo, likapanda taratibu kuufuata mwili, na halipati pa kutulia mpaka lifike kwenye mikono ya mtoto iliyo wazi hewani. Njia hiyo ya jicho haikutokea kwa bahati. Aliipanga Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya aliyefunzwa sanaa Makerere na Margaret Trowell na baadaye akawa mwalimu hapo hapo, alipoichonga kazi hiyo kwa ajili ya uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962.

Kwa hiyo mwalimu wako hakukosea, ila ameanzia mwisho. Maneno “Uganda” na “ukoloni” tumeyaleta sisi kwa kuwa tunaijua tarehe na tunaijua historia. Kilichotoka mkononi mwa mchongaji ni kubanwa kwa chini na kufunguka kwa juu, na hayo huyahisi hata mgeni aliyeshuka basi leo asiyejua nchi hii ilitawaliwa na nani. Watu huulizana hata kama yule mtu mzima ni mama au baba. Maloba aliurahisisha mwili kiasi cha kuacha swali hilo wazi, nami naona alifanya vyema, kwa kuwa angemtengeneza mtu mmoja anayetambulika kwa sura, mnara ungekuwa wa mtu huyo na si wa taifa.

Ukitaka ushahidi zaidi kwamba maana haitegemei maelezo, kiangalie kichwa cha Luzira. Ni kazi ya udongo uliochomwa, iliyofukuliwa na wafungwa mwaka 1929 katika kilima cha gereza la Luzira, na sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London (kwa nini ingali huko ni mjadala wa siku nyingine). Aliyeifinyanga hakuacha jina wala neno. Hata hivyo ukiutazama uso ule unatambua mara moja kwamba haukuundwa kwa mchezo, na kwamba uliwekwa mahali ili utazamwe kwa heshima.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala wa hapa Jinja, na siku hizi ninachonga pia sanamu kwa mti wa mfenesi. Mteja ameikataa sanamu ya mwanamke kwa sababu imepasuka kifuani. Makala yenu ilisema kwamba mti nao husema. Je, ufa ni maneno ya mti au ni kazi mbaya? – Fundi, Jinja

JIBU: Fundi, tuanze na lile unalolijua kuliko sisi. Gogo bichi hukauka nje kabla ya ndani; sehemu ya nje husinyaa huku kiini kikiwa bado na maji, na mvutano huo hupasua mti kuelekea katikati. Ndiyo maana wachongaji wengi huzipaka nta ncha za gogo, hulikausha kivulini bila haraka, na kwa kazi kubwa huutoboa mgongo wa sanamu ili unene upungue. Ufa uliokujia bila kuutarajia, baada ya kumaliza na kupiga msasa, ni suala la ukaushaji. Usimwambie mteja ni sanaa.

Lakini nenda Makerere, ingia maktaba kuu, usimame mbele ya sanamu ya majeruhi wa vita iliyochongwa na Francis Nnaggenda katika miaka ya 1980. Ni mti mkubwa uliogeuka mtu, na mtu huyo ana viungo vilivyokatika. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya 1979 vilivyomwondoa Idi Amin, kisha ikaingia katika vita vya Luweero vilivyoendelea hadi 1986, na kila mtazamaji wa wakati ule alikuwa na ndugu au jirani wa kumfananisha na umbo lile. Zingatia hasa kwamba Nnaggenda hakuuficha mti. Gogo lilikatwa, mtu amekatwa, na vyote viwili vimebaki vimesimama. Kazi hiyo hiyo ikifanywa kwa saruji iliyolainishwa, umbo lingebaki lakini nusu ya habari ingepotea.

Lilian Nabulime, ambaye naye ni mwalimu wa Makerere, alikwenda mbali zaidi. Aliyekuwa akichonga mizizi ya miti na kuikomelea misumari na vipande vya chuma alichagua sabuni, tena ile inayopitisha mwanga, akaifanya maumbo ya viungo vya uzazi vya mwanamume na mwanamke yenye vitu vidogo kama mbegu ndani yake, ili watu wapate pa kuanzia kuzungumza juu ya virusi vya UKIMWI. Sabuni imo katika kila nyumba, hushikwa mkononi, hugusa mwili mtupu, na husafisha. Hakuna shaba ambayo ingeweza kusema hivyo kwa watu wanaoona haya kulitamka jambo lenyewe.

Sasa turudi kwenye kifua cha mwanamke wako. Jiulize: ufa huo ukizibwa kwa unga wa mbao na gundi, je, sanamu itapungukiwa na kitu? Kama haipungukiwi, uzibe na umrudie mteja.

SWALI: Mhariri, ninauza sanamu za korongo mwenye kishungi kwa watalii hapa Entebbe. Kijana mmoja wa chuo aliniambia kuwa biashara yangu haina maana ndani yake kwa sababu zote zinafanana. Ni kweli? – Mama muuzaji, Entebbe

JIBU: Mama yetu, kufanana si kosa. Kosa ni pale mchongaji anapomnakili korongo wa mwenzake bila kumtazama ndege mwenyewe. Korongo wa bendera yetu ameinua mguu mmoja, ishara ya nchi inayosonga mbele, lakini wengi huchonga miguu yote miwili imeshikana kwa kuwa ni rahisi na haivunjiki. Mwambie mchongaji wako ajaribu kuuinua mguu huo, akihakikisha kwamba nyuzi za mti zinafuata urefu wa mguu na hazikatizi, maana hapo ndipo huvunjika. Itamchukua muda zaidi, kwa hiyo bei nayo ipande. Wapo wateja watakaoikataa kwa kuwa haiingii vizuri katika sanduku la safari. Hao wauzie ile ya kawaida.